Nilimwambia "tayari", kumbe waya bado haujahama

Admin, nisitiri jina tafadhali, Ukunda ni padogo na habari zina miguu. Asalaam aleikum nyote. Mimi nina miaka ishirini na tatu, mama wa mtoto mmoja wa kike wa mwaka na miezi miwili. Kwetu ni upande wa Msambweni. Shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea maandishi mnivumilie. Babake mtoto aliondoka nikiwa na mimba ya miezi mitano, lakini huyo nimemwachia Mungu, silo lililonileta hapa.

Ninafanya kazi Diani kwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa bara aliyefiwa na mkewe. Ninalala hapo hapo na mwanangu, chumba cha uani. Mzee ni mtu mwema mno. Mzee humwita mwanangu "mke wangu", na mtoto akilia mzee husema, "Mke wangu ana wivu leo, hebu mlete." Sijawahi kumsikia akiniinulia sauti.

Starehe yake ni moja tu, muziki. Ana chombo cha bei kali anachokiita daki, kinachogeuza muziki wa mtandaoni kuwa sauti ya kweli. Lakini hiyo daki inataka chombo kingine cha kuvuta huo muziki mtandaoni na kuupitisha kwake, na hicho kililiwa na chumvi ya bahari kikafa. Nilimwuliza kama kina haja sana. Akacheka. "Mama, daki ni mpishi. Hicho kingine ndicho kinachomletea samaki. Mpishi hata awe hodari vipi, ukimletea samaki wa juzi atakupikia nini?" Hapo nikaelewa.

Duka la Nairobi likamtumia vyombo viwili vya kuvuta muziki avijaribu, kimoja cha rangi ya fedha na kimoja cheusi. Atakachokipenda abaki nacho, kingine kirudi.

Sasa hapa ndipo penye moto. Bintiye anaishi Nairobi na amekuwa akisema baba masikio yamekwisha, aende akakae naye. Mwezi uliopita mzee nusura agongwe na lori pale Kona ya Musa, hakusikia honi. Mzee akamjibu, "Honi za Ukunda nani anazisikiliza? Wanapiga hata kusalimiana!" Huyo dada wa Nairobi hakucheka. Akasema, "Sawa baba. Ukiweza kusikia tofauti ya hayo maboksi mawili, sitakusumbua tena. Ukishindwa, ninakuja kukuchukua." Mzee akakubali. Nyumba hii alijenga na marehemu, hata ile jasmini ya mlangoni aliipanda mkewe.

Jumamosi asubuhi akakaa kitini, akafumba macho. Wimbo ulikuwa wa kwaya, uliorekodiwa mkewe akiwa hai, yeye ndiye anayeongoza. Kazi yangu niucheze kwanza kwenye boksi la fedha, kisha nihamishe waya kwenye jeusi, nibonyeze wimbo ule ule. Wa kwanza ukaisha vizuri. Ninainama nyuma ya meza nichomoe waya, nikamwona mtoto ameshika kamba ya pasi anaivuta, na pasi iko juu ya meza ya kunyooshea nguo. Nilirukaje pale mimi sijui. Nikambeba, na mzee macho yamefumbwa ananiuliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Nikabonyeza.

Sauti ilipotoka tu nikakumbuka waya sijahamisha. Lile lile la fedha ndilo linaloimba. Lakini nyumba hii ina sheria moja, wimbo ukiimba hakuna kusema, hata mgeni ananyamaza. Nikasimama na mtoto mkononi hadi mwisho. Wimbo ulipoisha mzee alikuwa analia. "Hilo! Hilo jeusi ndilo! Nimemsikia anavuta pumzi kabla hajaimba. Umesikia, mwanangu?"

Kabla sijafungua mdomo alishampigia bintiye. Dada akaomba aongee na mimi. "Wewe ndiwe unayekaa naye. Niambie ukweli, amesikia tofauti?" Mzee ananitazama, machozi bado hayajakauka. Nikasema, "Amesikia, dada."

Wallahi sikufikiria kazi wala chumba wakati ule. Nilifikiria uso wake. Lakini baadaye nimejiuliza, na sina uhakika tena.

Nikahamisha waya kimyakimya, nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yameanza. Tangu siku hiyo mzee anasikiliza lile jeusi la kweli, na kila siku anauzima wimbo katikati. Juzi nikamwuliza, "Vipi mzee, mbona umezima?" Akasema, "Ile pumzi yake siipati tena." Leo asubuhi hata chai hakumaliza. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, binti yangu ana haki. Boksi ni lile lile, masikio yangu ndiyo yanakwenda. Jumapili nikitoka kanisani nitampigia aje anichukue."

Nilikwenda uani nikalia hadi mtoto akanifuta uso kwa kanga yangu.

Kesho adhuhuri mwenye pikipiki anakuja kulichukua la fedha, na mzee ameshaniambia nilifunge vizuri. Nikimwambia ukweli, atajua alilia kwa kitu kile kile alichokisikia dakika tano nyuma, na dada atasema si nilisema masikio hayapo. Tena atajua nilimdanganya binti yake kwenye simu huku nikimtazama yeye mzee usoni. Huenda nikafukuzwa na mtoto wangu. Lakini nikinyamaza, mzee anaihama nyumba yake akiamini amekuwa kiziwi, na mimi ninaona kama amesikia vizuri kuliko sisi sote, maana ile pumzi aliipata kwenye la fedha, na kwenye jeusi ndiko anakoikosa.

Wenye wazazi, wenye busara, msinitukane, ninahitaji neno moja tu kabla ya kesho. Lile boksi liko hapa mbele yangu na selotepu iko mkononi. Nilifunge, au niende nikamwambie sasa hivi?