Mibonyezo Miwili Juu ya Muhokya

Kiwanja cha ndege cha Kasese hakina mnara wa kuongozea ndege. Kina njia ya nyasi, mlinzi wa kufukuza mbuzi na mfuko wa kuonyesha upepo ambao jua limeula rangi yote. Rubani anayekuja kutua hana wa kumwomba ruhusa. Anatangaza kwenye redio mahali alipo na anachotaka kufanya, halafu anategemea kwamba aliye karibu amemsikia. Aliyesikia, kama hana la kuongeza, hubonyeza kitufe cha kuzungumzia mara mbili bila kusema neno. Wewe kule juu unasikia tk, tk, unajua hauko peke yako.

Kila rubani ana mkono wake. Sisi tuliozoeana tunatambuana kwa mibonyezo hiyo. Kuna mmoja wetu hubonyeza haraka hadi inakuwa kitu kimoja, maana hata chakula anakula hivyo hivyo. Mwenzetu mwingine, mzee mmoja wa Butembo, alibonyeza mara ya kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akabonyeza tena taratibu, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hakuwahi kuharakisha, hata siku ya upepo.

Tulikuwa tumeshamzika nilipomsikia tena.

Ilikuwa asubuhi nyeupe, mlima wote uko nje hadi theluji inaonekana. Nilikuwa juu ya mji mdogo wa Muhokya, nikianza kushuka kuelekea Kasese. Nikatangaza kama kawaida, nikijua kwamba hakuna ndege nyingine upande ule saa ile. Nikajibiwa. Tk. Kimya kile. Tk. Nywele za shingoni zilinisimama, na abiria wa nyuma yangu, wazungu waliokuja kutazama simba, wakaendelea kupiga picha za ziwa.

Sikumwambia mtu. Watu wa kazi nyingine wanaweza kusema wameota marehemu, wamemwona, wameitwa naye, na jirani atawapa pole. Rubani akisema hivyo anapelekwa kwa daktari wa marubani, na daktari yule ana kalamu. Leseni ikiondoka, umebaki mtu wa kijijini kwetu Kyondo anayejua mambo mengi yasiyosaidia kuchuma kahawa. Mama yangu angefurahi. Tangu nianze kazi hii ananiambia mlima una mwenyewe, na mwenyewe huyo hapendi ndege.

Mzee hakuwa wa kampuni yetu. Alikuwa wa ile nyingine, wapinzani wetu, waliokuwa wakigombania nasi watalii wale wale. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma mlima, tukiwa tumekaa chini ya bawa tukingoja abiria, tukila mahindi ya kuchoma. Alinionyesha jinsi wingu linavyoanza kushuka mchana kutoka upande wa Kyarumba, mteremkoni, linavyoingia bonde moja, halafu la pili, kisha linafunga ghafla. Alikuwa Mkongomani aliyehamia Bwera, upande wetu wa mpaka, zamani na mke wake, mtu wa misa kila Jumapili, mpole, mbishi.

Wenye kampuni walikuwa na fimbo moja tu, na waliitumia vizuri. Ukigeuza ndege kwa sababu ya wingu, unaulizwa: mbona wenzako wa kampuni ile wametua? Nao wakigeuza, wanaulizwa vivyo hivyo juu yetu. Mzee aligeuza mara moja, akaulizwa. Akageuza tena. Jioni hiyo aliambiwa kwamba rubani wa kwetu ametua muda ule ule, na kwamba labda umri umemfikia. Mara iliyofuata hakugeuza, akaugonga mlima. Alikuwa peke yake na mizigo, nashukuru Mungu kwa hilo. Wanaume wa Kyarumba walimteremsha kwa machela katika njia zile za miguu, na wakubwa wakasema kosa lilikuwa la rubani.

Halafu tukasikia kampuni mbili zinaungana.

Mtu wa nje anaweza kudhani ni habari njema, kampuni kubwa, ndege mpya, sare mpya. Kwetu ilikuwa na maana moja. Zamani ukifukuzwa kwa kukataa kuruka, uligonga mlango wa pili. Sasa mlango ungekuwa mmoja, na mwenye ufunguo ni yule yule aliyekufukuza. Na ratiba mpya ilishatajwa: ndege za mchana zingeongezwa, kwa sababu watalii wanapenda kulala asubuhi. Mchana ndio saa za wingu. Nilikuwa nimepandishwa kuwa kapteni mwaka ule, kwa hiyo uamuzi wa kutua au kugeuza ungekuwa wangu. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba nitageuza peke yangu, nitaitwa mwoga, na mara ya tatu nami sitageuza.

Ndiyo maana tulikutana Bwera kuzungumza habari ya chama cha marubani. Kasese tusingeweza, kila hoteli ina sikio. Mjane wa mzee alikuwa anatosha kilio, ndivyo Wakongomani wanavyoita siku ya kumaliza matanga, na hakuna bosi anayeweza kumuuliza rubani kwa nini amekwenda kumlilia rubani. Tulifika asubuhi, tukasali, tukala wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi. Kisha wanawake wakaondoa vyombo, na sisi wa kampuni mbili tukabaki uani kwenye viti vya kukodi, tukitazamana kama wakwe.

Ulikuwa mkutano wa aibu. Dakika chache tu za chama, tukaangukia swali la nani atakuwa juu ya nani. Wakongwe wa kampuni ile wangekuwa chini ya wakongwe wa kwetu? Kapteni mmoja wa kampuni ile, mtu wa Kampala mwenye viatu vya kung'aa, alisimama kana kwamba yuko bungeni.

"Banange, jamani, tuseme ukweli. Sisi tulianza kuruka wakati nyinyi bado iko nanunua ndege ya kwanza. Tunakubali chama, lakini mpangilio ifuate sisi."

"Mpangilio ifuate nyinyi?" nikamwambia kwa kumwigiza. "Unataka cheo cha mahali ambapo utafukuzwa?"

Wakacheka, na hakuna kilichobadilika. Kila mmoja alikuwa analinda kiti chake.

Wa kwetu aliyepinga zaidi alikuwa kapteni mkuu, aliyewahi kuwa jeshini, na sote tulimwita Afande. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa mwisho wa safu, mgongo wima, kofia juu ya goti.

"Chama ni maneno ya watu ya siasa," alisema. "Rubani anapewa kazi, anafanya. Kama unaogopa, shuka, nenda lima."

"Afande, na mzee alikuwa mwoga?" nikamuuliza. Hasira ilikuwa imenipanda, na heshima ikabaki nyuma kidogo.

Alitazama chini, akaanza kuizungusha ile kofia. Tukamngoja, maana tulidhani anatafuta tusi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo mpaka mtu wa Kampala, aliyekuwa bado amesimama, akasogea karibu.

"Ile siku yeye aligeuza, ni mimi nilitua," alisema. "Nilipata tundu kwa wingu, nikapita. Tundu ilikuwa ndogo kama hii uwanja ya nyumba. Nilitoka kwa ndege, nikakaa chini kwa nyasi. Wakaenda kumwambia yeye kwamba Afande ametua." Akairudisha kofia gotini. "Sasa kila nikishuka Kasese, nikisema niko Muhokya, yule mutu ananijibu. Mara mbili. Pole pole. Muniandikie daktari kama munataka."

Mtu wa Kampala alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo.

"Na mimi," akasema. "Tangu mazishi."

Baada yake wengine, mmoja mmoja, wa kwetu na wa kwao. Hata mimi. Kila mmoja alikuwa amelibeba jambo lile peke yake kwa kuogopa kalamu ya daktari, akidhani kichwa chake ndicho kimeharibika. Nilipowatazama niliona watu wamechoka, na kwa mara ya kwanza sikuona kampuni mbili.

Baada ya hapo hatukujadili vyeo. Tulikubaliana jambo moja, na chama chetu kilianzia hapo, kabla ya mwanasheria na karatasi zake. Wa kwanza kuona bonde limefunga atasema kwenye redio maneno mawili ya Kiswahili katikati ya Kiingereza chetu cha kazi: mlima umefunga. Wote walio nyuma yake watajibu umefunga, na watageuza. Hakuna wa kutafuta tundu. Mmoja akigeuza ni mwoga, lakini wote wakigeuza hiyo ni hali ya hewa. Afande ndiye aliyesema kwamba atakayevunja ahadi hii asije kumzika yeye.

Nilikwenda nyuma kumuaga mjane. Nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, maharage yako motoni. Dirishani, juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, ilisimama redio ndogo ya mkononi, ya marubani, antena imeelekea bondeni. Niliijua. Mzee alikuwa anatembea nayo.

"Mama, hii bado inafanya kazi?"

"Iko nafanya, mwana. Ninaichaji na sola." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Bwana yangu akikuwaka hapa ku nyumba, siku ya kupumuzika, alikuwa nasikiliza barafiki yake. Moja akisema niko Muhokya, yeye anabonyeza. Alinifundisha. Anasema, mutu asiachwe peke yake kule juu. Sasa miye ndiye nabonyeza. Sijue kama beko banasikia."

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yanakuja badala yake. Kwa miezi nilikuwa nimemwogopa mzee, nikimwomba aniache, na pale jikoni nikaanza kumlilia upya, kwa sababu hakuwa amerudi hata kidogo. Alikuwa amekufa kabisa, na mkono niliokuwa nasikia ulikuwa wa mke wake aliyeukariri.

"Wanasikia, mama," nikasema. "Wote wanasikia."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake. Nilipita uani, nikawakuta wenzangu wanapeana mikono, Afande na mtu wa Kampala wamesimama pamoja kama ndugu. Nikaamua kutowaambia habari ya redio. Ningewaambia, wangecheka kwa kuona wamepona, na kila mmoja angerudi kulinda kiti chake.

Kampuni ziliungana. Tukapewa sare mpya zinazobana mabega. Ratiba ya mchana ikaanza, na hazikupita siku nyingi wingu likashuka.

Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nyuma yangu alikuwapo mtu wa Kampala, na nyuma yake Afande. Nilifika juu ya Muhokya, nikaona bonde la kwanza limejaa, na la pili linajaa wakati natazama. Chini kidogo, upande wa kiwanja, palikuwa na tundu. Lilikuwapo kweli. Ningeweza kujaribu. Abiria mmoja alikuwa ameshaanza kuvaa kofia yake ya kutembelea mbugani.

"Kasese," nikasema, "mlima umefunga. Ninageuza, narudi Entebbe."

Nilianza kuinamisha bawa. Redio ilikuwa inakoroma tu. Niliwawazia kule nyuma, mmoja akiwaza sare yake mpya, mwingine akiliona tundu lile lile nililoliona. Kuzungumza uani Bwera ni rahisi, tumbo limejaa wali. Nikajua nimebaki peke yangu, na jioni nitaambiwa wenzangu wametua. Moyo uliniuma kuliko hofu yoyote niliyowahi kuisikia ndani ya wingu.

Tk.

Nikangoja. Nafasi ile ilikuwa ndefu kama mzee alivyozoea kuiacha.

Tk.

Halafu sauti ya Afande, nzito, haraka: "Umefunga. Nageuza." Na ya mtu wa Kampala juu yake, wakigongana kwenye redio: "Umefunga, umefunga, banange, nageuza."

Mbele yangu mbingu ilikuwa wazi hadi ziwani. Nilikuwa nalia na usukani uko mkononi, na nililia kwa furaha, sioni aibu kulisema. Niliweka kidole kwenye kitufe, nikabonyeza mara moja, nikangoja, nikabonyeza tena, kumshukuru mama wa Bwera.

Nilikuwa karibu kufika Entebbe nilipokumbuka kwamba ilikuwa siku ya soko. Siku ya soko mama yule hushinda Mpondwe, mpakani, akiuza vitenge toka asubuhi mpaka jua linapozama. Nimekwenda kwake mara kadhaa tangu siku ile, nimempelekea sukari, tumekaa jikoni, na redio iko pale pale dirishani juu ya kitambaa chake. Sijamuuliza kama siku ile aliibeba.