Nyumba Yangu Anayokaa Bernadina

Bernadina wa Kansay nilimfahamu mnadani Karatu, alipoikataa bei yangu ya mbuzi bila hata kunitazama usoni. Mwaka huo, themanini na mbili, mabati yalikuwa adimu kuliko sukari, na mimi nilikuwa nayo, yamejaa stoo nyuma ya hoteli yangu ya chai.

Yeye, mjane, alikuwa na nyumba. Ilijengwa na babu wa marehemu mumewe, imechimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo limeota majani hadi mbuzi wanapanda kula. Wazee waliijenga hivyo ili wezi wa ng'ombe wapite bila kuiona. Wakati wa Operesheni Vijiji, waliokuja kuhamisha watu nao walipita bila kuiona. Watalii wataiona, nikasema moyoni. Landrova zao zilipita Karatu kila siku kwenda kreta kutazama wanyama.

Nikamwambia anipe hiyo ya zamani, nimjengee ya bati pembeni. Majirani wakamtania kwamba Mchaga wa hoteli anatafuta mke. Mnada uliofuata akaja na sharti moja: ng'ombe wake waendelee kulala nyumba ya zamani, maana chini ya bati wangeganda kwa baridi. Nikakubali upesi, tena kwa furaha, watalii si wanapenda mifugo. Sikujiuliza ng'ombe hao wanalala na nani.

Wanalala na Bernadina. Kwa kabila lake mwenye ng'ombe halali mbali nao. Nyumba ya bati ilipokwisha aliisifu, akamwita katekista aibariki, akampangisha mwalimu, kisha akarudi kulala alikolala siku zote. Nilipokwenda kulalamika alinikaribisha maziwa.

“Nyumba ni yako, mwanangu,” akasema. “Mimi nimewafuata ng'ombe tu. Si uliwaruhusu mwenyewe?”

Watalii walikuja kweli. Mzee mmoja wa Uingereza alikaa kigodani muda mrefu, akaeleza, dereva Thadei akitafsiri, kwamba naye kwao anaishi nyumba ya kale, katika kijiji cha nyumba za mawe karibu na mji wenye soko, na serikali inamkataza kubadili hata dirisha. Nyumba yake mwenyewe. Bernadina akamwonea huruma.

“Muulize,” akamwambia Thadei, “hana ng'ombe hata mmoja wa kusingizia?”

Mzee alicheka mpaka akafuta macho, akamwachia blanketi lake.

Basi blanketi, sabuni na sukari za wageni ni za Bernadina. Kodi ya mwalimu ni yake. Mimi nimepata pesa ya chai na chapati wanazokula hotelini kwangu wakirudi, si haba. Na kila masika Bernadina hunitumia salamu mnadani, mbele za watu, kwamba mwenye nyumba aje, paa lake linavuja. Napanda juu ya paa na jembe, nasukuma mbuzi, nashindilia udongo. Nyumba ni yangu. Hilo hajawahi kulikataa.