Mama Viti Akagua Gari

Mke wangu hushona viti vya magari. Mtaa mzima unamwita Mama Viti, na kibanda chake kinanuka gundi tangu mlangoni. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja, nikastaafu, na kiinua mgongo changu kilikuwa na kazi moja tu: kununua gari la kumpeleka mama yangu kliniki ya figo mara mbili kwa wiki. Kwa pikipiki alikuwa anafika hoi. Na gari likituzimikia njiani, atakayeumia ni yeye.

Kwenye yadi ya kuuzia magari nikaliona moja jeupe, linang'aa, kilomita sabini elfu tu. Loo! Roho yangu ikatua pale pale. Pembeni lilikuwapo la kijani, rangi imepauka, mlango umebonyea, kilomita laki tatu na kumi elfu.

"Laki tatu!" nikacheka. "Hilo si la kununua, ni la kuzika."

Mama Viti hakucheka. Aliingia kwenye lile jeupe, akafunua kava la kiti cha dereva, akapapasa mshono kwa chini. Kisha akaniita kwa ile sauti ambayo hata paka wetu anaiogopa.

"Njoo uone. Hii ni kazi yangu."

"Yako vipi?"

"Uzi mweusi uliniishia, nikamalizia na wa bluu. Rangi wamepaka upya, lakini hili lilikuwa teksi. Mwaka juzi lililetwa kwangu sponji imekwisha kabisa. Sponji haiishi hivyo kwa kilomita sabini elfu, mwalimu wa hesabu!"

Dalali aliyekuwa akituonyesha magari akaanza kukohoa. Akashusha bei papo hapo, akashusha tena, na mimi, nakiri, nikaanza kulainika. Bei ilikuwa tamu mno.

"Kilomita nyingi siziogopi," mke wangu akasema. "Naogopa zile nilizofichwa. Nani anajua hili lilibadilishwa oili lini?"

La kijani lilikuwa na bahasha nzima ya risiti. Mwenyewe, nesi mmoja, alibadilisha oili kwa wakati, na mkanda wa injini ulikuwa haujamaliza mwaka tangu ubadilishwe. Fundi wetu wa magari, tuliyekwenda naye, akalala chini yake nusu saa, akatoka akisema linataka matairi na betri, basi. Tukajumlisha vyote, bado ikabaki akiba ya matengenezo. Hesabu hiyo niliipiga mimi, jamani, msininyime.

Jumanne ya kwanza ya kliniki baada ya kulinunua, nilimkalisha mama mbele. Nilikuwa na wasiwasi, masikio yangu yote kwenye injini, kila mlio nautilia shaka. Wapi! Gari linakwenda vizuri tu.

"Mama, kiti kinakubana?"

Nikageuka haraka kumtazama. Kumbe amelala fofofo, mdomo wazi. Miaka miwili ya kliniki, ile barabara aliipita juu ya pikipiki akiuma meno kwa maumivu ya mgongo. Tulipofika hospitali, muda wake wa kliniki ulikuwa haujafika. Nikalipita geti, nikaendelea kuendesha polepole.