Kuroni Zilizobaki Goma

Meno yangu yaliisha kwa kusagana. Bwana yangu ndiye aliyesikia kwanza. Aliniambia kwamba nikilala nasaga meno kama mtu anayetafuna mchanga. Nilidhani anatania. Lakini tangu tuanze kukimbia vita kutoka kilima hadi kilima huko Masisi, meno yalizidi kuwa mafupi, yakapasuka pembeni, na mwishowe hata maziwa ya ng'ombe wetu yalinichoma hadi masikioni.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Goma, alinipeleka kwa munganga wa meno. Alikuwa mtu mpole, asiye na haraka. Alinieleza kwamba meno yote yalihitaji kuroni, yaani kofia ngumu, nyeupe kama jino, inayogundishwa juu ya jino lenyewe. Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine.

"Mama, tukiacha vile, itavunjika yote," akasema. "Lakini ujue: tukishapunguza jino, haitaota tena."

Nikakubali. Aliyachonga kwa mashine, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka kila jino likabaki kisiki chembamba. Alipotoka kidogo nilijitazama kwenye kioo, nikalia. Kisha akachukua umbo la kinywa changu, akalituma kwa fundi, na wakati wa kungoja akanifunika kofia za plastiki za muda. Akanionya nisitafune kitu kigumu.

Nilipanda Masisi kuona watoto. Jumapili ile wamama wa kwaya walinisifu, nami nikacheka bila kuweka mkono mdomoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

Kisha barabara ya Goma ikafungwa. Vita vilifika kwetu asubuhi, wakati wa kukamua. Tuliacha ng'ombe zizini, tukateremka msituni upande wa Walikale mpaka Ntoto, ambako familia moja ya wakulima ilitupa chumba. Kofia ya kwanza ilikuwa imetoka njiani, kwenye kipande cha muhogo wa kuchoma. Niliiosha mtoni, nikairudisha kwa vidole, ikatoka tena. Zingine zikaifuata. Visiki vikabaki uchi, na hata hewa ikipita niliumia. Nilifunga kitambaa mdomoni, nikaacha kuongea. Mama mwenye nyumba alinipikia uji, akawa anaupoza yeye mwenyewe kabla ya kunipa. Watoto wangu walizoea kuniuliza mambo ya kujibiwa kwa kichwa tu.

Shavu lilipovimba, bwana yangu alinipeleka kituo cha afya. Muuguzi aliangalia, kisha akasema usaha ulikuwa umeshafika kwenye mizizi na hakuwa na kifaa cha kuokoa meno yale. Alikuwa na koleo na dawa kidogo ya ganzi. Bwana yangu alimuomba tungoje, labda barabara ingefunguliwa.

"Muache atoe," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu asikie sauti yangu.

Muuguzi alitoa yaliyooza kwanza. Fizi za yaliyobaki zilivimba baadaye, nayo akayatoa, mpaka hakikubaki kitu.

Siku moja bwana yangu alipanda kilimani kutafuta mtandao, akarudi na ujumbe wa dada yangu. Alinisomea: "Kuroni zako ziko tayari. Munganga anauliza utakuja lini." Alikaa chini, simu mkononi.

Barabara ilipofunguliwa nilikwenda, kwa sababu dada yangu alisisitiza. Munganga alikuwa ameshaziweka mezani, zimepangwa juu na chini kama kinywa kilicholala wazi. Zilikuwa nzuri. Nilifungua kitambaa. Alinitazama, akaweka taa kando.

Alinieleza polepole kwamba kuroni haiwezi kukaa bila jino. Labda siku moja angenitengenezea meno ya kuvaa na kuvua, lakini vifaa vyake havikuwa vinafika tena, na hakujua vitafika lini.

"Nizifanye nini hizi, Mama?" akauliza.

"Sijui, Papa."

Dada yangu alinishika mkono tukatoka. Kwake alikuwa amepika maharagwe, ameyaponda kwa ajili yangu. Niliyaangalia mpaka yakapoa, kisha nikaomba anioneshe mahali pa kulala.