Leso Nyekundu Kwenye Mlango wa Stoo

Jumamosi tulimzika jirani yangu wa hapa Kiplombe, mama ambaye huenda baadhi yenu mliwahi kumsikia kwenye simu bila kumjua. Aliugua kwa muda mfupi, akaondoka kimya kimya kama alivyoishi. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya Nairobi, na alizipokea akiwa nyumbani kwake, katika stoo iliyokuwa ya mahindi. Ninaandika haya nikiwa na aibu, na sitaki kuifunika kwa maneno ya rambirambi.

Stoo ile aliitengeneza mwenyewe. Aliondoa mahindi, akaleta meza ya mbao kutoka kwa fundi wa Langas, akaiweka ikitazama ukuta. Alisema akitazama dirishani ataona wapita njia, na akimwona mtu lazima amsalimie, na akimsalimia lazima amkaribishe chai. Chini ya mabati alitandaza magunia matupu ili mvua isimeze sauti za wateja. Kilichomshinda ni mlango. Huku kwetu mlango uliofungwa mchana una maana mbili tu, kuna mgonjwa au kuna ugomvi, na yote mawili ni sababu ya kupiga hodi. Basi akatuzungukia nyumba kwa nyumba, akatuomba kwa upole kwamba tukiona leso nyekundu imetundikwa mlangoni, tujue yuko kazini, tumsubiri. Sote tukaitikia. Alasiri moja mvua ikaanza, na mama mmoja wa ng'ambo ya barabara akaona leso inalowa. Akakimbia, akaitungua, akaikunja vizuri, akagonga mpaka akafunguliwa.

"Mama, nguo yako inanyeshewa na wewe umejifungia ndani."

Jirani yangu aliipokea, akashukuru, huku mteja akimuuliza kwenye vipokea sauti vya masikioni kama yuko sokoni. Alinisimulia kisa hicho akicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba wakubwa wake husikiliza simu hizo, kwamba ameshaonywa mara moja kuhusu kelele, na kwamba akionywa tena kazi imekwisha. Sisi tuliendelea kucheka. Tuliulizana ni ofisi gani hii iko na kuku mlangoni. Kwetu, mtu wa kazi ni yule anayetoka asubuhi na viatu vinavyong'aa, akarudi jioni amechoka. Anayeshinda nyumbani huyo ni wa kutumwa: amngojee fundi wa stima, atuwekee maziwa, atuangalizie watoto. Hakuwahi kukataa. Sasa ninajiuliza ni simu ngapi alizipokea akiwa na mtoto wa mwingine mapajani.

Siku ya kuandaa chakula cha matanga, meza zilipungua. Mtu akaikumbuka ile ya stoo, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioibeba kuitoa nje. Tulikuwa tunakata kabeji juu yake mume wa marehemu alipotoka nyumbani. Alisimama, akatutazama, wala hakupandisha sauti.

"Hiyo si meza ya jikoni," akasema. "Hiyo ni ofisi ya mke wangu."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka chini. Tuliifuta, lakini alama za visu zilibaki kwenye mbao. Tukairudisha mahali pake, ikitazama ukuta, naye akafunga mlango na kuitundika leso. Mtu anaweza kujinunulia meza na kiti, lakini utulivu wa kufanyia kazi hupewa na wale wanaomzunguka. Sisi alituomba huo tu, na hatukumpa.

Mvua ilinyesha tukiwa bado tunapika. Kijana mmoja wa wageni akainuka ili aiondoe leso isilowe. Yule mama wa ng'ambo ya barabara akamshika mkono.

"Wacha inyeshewe," akamwambia. "Mwenyewe yuko kazini."