Matone Niliyompa Meneja

Dada yangu ni fundi makochi. Anabomoa makochi ya watu, anatoa sponji iliyochoka, anang'oa misumari mmoja mmoja na kuitia kwenye kopo, kisha anayavika kitambaa kipya. Ana miaka sitini na miwili. Mbwa wazee anaowafuga hakuwatafuta yeye. Wa kwanza aliletwa pamoja na kochi: mteja alikuwa anahama, akaleta kochi litengenezwe, mbwa amelala juu yake. Siku ya kuchukua, mteja alichukua kochi, mbwa akabaki.

"Amesahau mbwa wake," nilimwambia dada.

"Hajasahau. Kochi limerudi ujanani, mbwa hakurudi. Ungekuwa wewe ungechukua kipi?"

Baada ya hapo habari zilienea. Watu wakaanza kuwaacha mlangoni: aliyeishiwa meno, asiyesikia, mwenye jicho moja. Mimi nilihamia kwa dada wanangu walipokwisha kuanza maisha yao, nikakuta mbwa wanne wamelala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nikajua hapa sitapata usingizi. Mimi ni mtu wa kuhesabu pumzi za watoto wakiwa wamelala, na sasa kulikuwa na viumbe wanne wa kuhesabu.

Dada hana elimu kubwa kunizidi. Sote wawili tuliishia darasa la saba. Lakini ana utaratibu wake, na ameutoa kwenye kazi. "Kochi likilia," husema, "usikaze miguu yote minne kwa mpigo. Utanyamazisha kelele na hutajua mguu gani ulikuwa unalia. Kesho likilia tena, unaanza upya." Kwa mbwa ni hivyohivyo. Akibadilisha chakula, habadilishi malazi. Anabadilisha kitu kimoja, anasubiri wiki mbili, anatazama. Mtu akija na habari kwamba mafuta fulani yamemponya mbwa wake, dada humuuliza alikuwaje kabla, na walimpa nini kingine siku hizo. Wengi huondoka wamenuna.

Meneja alikuwa mbwa wa nne. Alilinda bohari miaka kumi na mbili, na alipofika kwa dada aliendelea na kazi. Kila asubuhi alizunguka karakana akinusa kochi moja baada ya jingine, kisha anasimama mlangoni kana kwamba anasubiri ripoti. Akimaliza hapo ananifuata mimi. Nikipika yupo, nikifua yupo. Dada alisema nimepata mume wa pili, tena huyu hata haombi chai.

Mwaka huu miguu yake ya nyuma ilikakamaa. Asubuhi alijiinua kwa vipande, mbele kwanza, kisha nyuma, na nyuma ikikataa alitoa sauti ndogo. Ile sauti ilikuwa inanikata. Ukaguzi wa makochi ukaisha. Akawa anatazama tu akiwa amelala.

Binti yangu alinitumia video kwenye simu. Mbwa mzee hawezi kusimama, anapewa matone, kisha anaruka uzio. Nilimpelekea dada mbio. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu.

"Huyu wa mwanzo ana sikio la kahawia. Anayeruka ana sikio jeusi. Hao ni mbwa wawili, mdogo wangu."

Nilitazama tena. Ilikuwa kweli. Lakini niseme ukweli wangu pia: nilitaka wawe mmoja.

Jumamosi tulikwenda sokoni kununua uzi. Kwenye kona ya wauza mbegu palikuwa na mtu mwenye koti jeupe na kipaza sauti, anajiita Mtaalamu. Meza yake imejaa chupa ndogo za kahawia, na kila chupa ina picha ya mbwa aliye hewani.

"Mbwa wako anachechemea? Amezeeka? Matone matano asubuhi, matano jioni! Siku ya tatu anakukimbiza mwenyewe!"

Dada alisimama. Nilimvuta mkono, hakuvutika.

"Mtaalamu, humo ndani mna nini?"

"Mimea, mama. Mimea mitupu, aina kumi na saba."

"Nitajie mitano tu."

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka. "Siri ya kazi hiyo! Kwani wewe fundi huna siri?"

"Sina. Mteja wangu anaiona sponji kabla sijaifunika. Haya, na waliokunywa wakafa wako wapi?"

"Hakuna aliyekufa!"

"Basi umewashinda madaktari wote, hongera. Na ambao hawakunywa kitu wakapata nafuu wenyewe, umewahesabu?"

"Jamani, mama huyu amekuja kuniharibia soko! Ushuhuda upo, mama. Mbwa wenyewe wanasema!"

"Wakisema uniite nije nisikilize. Kizuri chajiuza, kaka. Hiki chako hakitembei bila kipaza sauti."

Tuliondoka watu wanashangilia. Nami nilicheka. Jumatatu nilirudi peke yangu.

Mtaalamu alinitambua. "Nilijua mmoja wenu atarudi," alisema, akanifungia chupa kwenye gazeti.

Nilimpa Meneja matone matano kwenye chakula asubuhi, dada akiwa anafungua milango ya karakana, na matano jioni, dada akiwa anaoga. Chupa niliificha ndani ya mkoba wangu wa zamani. Sikujua kwamba wiki hiyohiyo dada naye alikuwa amepanga jambo lake. Alimshonea Meneja godoro la tabaka mbili, sponji ngumu chini, laini juu. Alikuwa amengoja wiki mbili bila kubadilisha chochote ili ajue kama godoro litasaidia. Alilitandika Jumanne.

Alhamisi Meneja aliamka bila kulia. Jumamosi alikagua makochi matatu.

Sijamwona dada akifurahi hivyo tangu tulipokuwa wasichana. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele, lakini alikuwa anapita karibu na godoro lile na kuligusa kwa ncha ya kiatu. Alipokuja mwalimu mmoja, mteja wetu mwenye mbwa mzee nyumbani, dada alimwambia, "Ni godoro. Nimechunguza, mwalimu. Sikubadilisha kingine chochote." Mwalimu akaagiza la kwake palepale. Mimi nilikuwa pembeni nakata nyuzi. Nilikata na ambazo hazikutakiwa kukatwa.

Ningesema siku ile, yote yangeishia kwenye kicheko. Sikusema. Nilijiambia mbwa anapona, dada anafurahi, nani anaumia?

Siku ya tisa Meneja aliacha chakula nusu. Siku ya kumi alitapika. Asubuhi ya kumi na moja nilikuwa nafagia uani, nikaona kinyesi chake. Kilikuwa cheusi tii, kinanata kwenye ufagio kama lami. Nilisimama pale nimeshika ufagio, jasho linanitoka na jua halijapanda. Kisha nikakifukia. Siku ile sikumpa matone, nikadhani kuacha kunatosha.

Saa sita mchana dada aliniita. Meneja alikuwa amesimama katikati ya karakana, mgongo umepinda kama upinde, anatetemeka. Alikataa maji.

"Mgongo umemkaba," dada alisema. "Leta mkokoteni."

Tulimlaza kwenye mkokoteni wa kubebea makochi, dada anavuta, mimi nimemshika kichwa. Ulimi wake ulikuwa umepauka. Njia nzima nilitaka kusema, na kila nilipofungua mdomo tairi liligonga jiwe, nikaufunga tena.

Daktari wa mifugo ni mama kijana, nywele amezifunga kwa mpira wa kufungia vifurushi. Tulimpandisha Meneja juu ya meza ya bati. Akamshika mgongo, Meneja akaguna. Akamshika miguu ya nyuma.

"Viungo vimechoka sana. Alianza lini?"

"Miguu ni tangu mwanzo wa mwaka," dada alisema. "Alikuwa amepata nafuu kabisa. Hili la leo ni jipya."

"Anakula?"

"Tangu juzi anachaguachagua."

"Kuna dawa yoyote anapewa? Hata ya kienyeji, hata ya kupaka?"

Dada aliinua kidevu. "Hakuna, daktari. Mimi si mtu wa kujaribu kila kinachopita. Kwangu haingii kitu bila mimi kujua."

Daktari aligeuka kabatini, akatoa kichupa, akavuta dawa kwa sindano. "Nitamchoma ya maumivu na uvimbe. Ni nzuri kwa viungo. Sharti lake ni moja tu, isikutane na nyingine ya jamii yake. Zikikutana zinatoboa tumbo na kuua figo."

Akapapasa ngozi ya shingo akaivuta juu. Niliona ncha ya sindano inamkaribia. Nilimwona dada amesimama wima, ana uhakika na nyumba yake.

"Usimchome."

Sauti yangu ilitoka kubwa mno. Wote wawili walinigeukia.

"Kuna matone," nilisema. "Nimempa siku kumi. Asubuhi na jioni. Na leo amepata choo cheusi kama lami, nikakifukia."

Daktari aliiweka sindano chini. Hakunikaripia. Alimfunua Meneja mdomo, akakandamiza ufizi kwa kidole, akautazama. "Chupa unayo?"

Ilikuwa mkobani. Sijui kwa nini niliibeba. Niliitoa, na picha ya yule mbwa wa hewani ikawa inamtazama dada. Dada hakuigusa.

"Imeandikwa mimea mitupu," nilisema, kama mtoto.

"Na alipata nafuu siku ya ngapi?"

"Ya tatu, nne."

"Upesi hivyo?" Daktari aliinusa. "Siwezi kusema kuna nini humu bila kupima. Ila nimewahi kuona chupa za namna hii zimetiwa dawa ya maumivu ya binadamu. Mbwa anaacha kuchechemea kweli, huku tumbo linavuja damu. Huo weusi ni damu, mama. Ningemchoma hii, tungempoteza."

Alianza kazi upya. Alinyoa mguu wa mbele, akaweka dripu, akampa dawa ya kulinda tumbo, akachukua damu aangalie figo. Alisema tungoje siku tatu, na hakutuahidi kitu. Alituruhusu kukaa naye mchana.

Dada alikaa kwenye benchi. Nilikaa kwenye benchi hilohilo, mwisho wa upande mwingine. Saa nzima ilipita.

"Ungeniambia lini?" aliuliza.

"Sijui, dada."

"Jibu la kweli hilo, angalau." Akamtazama Meneja. Kisha akasema, "Kwa hiyo godoro langu halikufanya kitu."

"Huenda lilisaidia kidogo."

"Usinibembeleze. Hatujui. Wewe umekaza mguu huku, mimi nimekaza kule, sasa nani atajua?" Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na mimi nimemwambia mwalimu nimechunguza. Nimekuwa Mtaalamu, bado koti jeupe tu."

Nilitaka kucheka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kwa daktari, alikwenda kwa mwalimu. Nilimfuata nyuma bila kuambiwa. Alimweleza mlangoni, amesimama, kwamba godoro ni sponji safi na mbwa atalala vizuri juu yake, lakini yale aliyosema kuhusu kupona ayafute, maana mbwa alikuwa anapewa kitu kingine. Hakusema nani alikuwa anampa. Mwalimu alisema atalichukua hivyohivyo. Dada akamjibu alichukue, ila asiache kumpeleka mbwa kwa daktari kwa sababu ya godoro.

Siku ya pili Meneja hakuinua kichwa. Daktari alisema figo zimeguswa, hajui ni kiasi gani. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikachanganyikiwa, nikaanza tena. Dada alinisikia nikihesabu, akasogea katikati ya benchi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Meneja alilamba maji kwenye kiganja changu. Mchana alikula vijiko viwili vya chakula laini. Daktari alitazama majibu ya damu akasema figo zinarudi taratibu, anaweza kwenda nyumbani. Ya maumivu atatupa baadaye tumbo likishapona, kwa kipimo chake, na atampima kila mwezi. Miguu haitarudi kuwa ya kijana, alisema, na atakayetuahidi hivyo tumwogope.

Tulimshusha kwenye mkokoteni mbele ya karakana. Ile nafuu yote ilikuwa imekwisha. Alijaribu kusimama, mbele ikainuka, nyuma ikakataa, akatoa ile sauti. Nilikwisha kuinama kumkamata.

"Mwache," dada alisema. "Tuone anaweza kiasi gani."

"Anaumia."

"Najua anaumia. Mwache."

Nilirudi nyuma nikafumbata mikono. Alijaribu mara ya pili, akaketi. Mara ya tatu miguu ilishika, inatetemeka, na akasimama pale mlangoni akihema. Dada alikuwa ameshika kitenge tayari kumpitishia chini ya tumbo. Alinipa ncha moja bila kunitazama.

"Shika huko," alisema. "Polepole. Na asipotaka, tusimlazimishe."