Wifi Yangu na Bwawa la Mayungiyungi

Mjukuu wangu hakuzama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo lililowaleta wengi kusoma. Siku ile, ndani ya bwawa lile, kilichozama ni kiatu kimoja cha baba yake, na hakijaonekana hadi leo.

Picha inayozungushwa kwenye simu ni ya kweli. Inaonyesha mtoto wa kike ameketi peke yake juu ya jani katikati ya maji, na nyuma yake mwanamke mzima amesimama majini hadi kiunoni, mikono juu, kinywa wazi. Maneno yaliyobandikwa chini ya picha ndiyo ya uongo. Eti mwanamke huyo hana mtoto, anawaonea kijicho wenye watoto, na hapo alikuwa akisoma dua ya kumkabidhi mtoto wa watu kwa bwawa. Mwanamke huyo ni wifi yangu, dada wa pekee wa marehemu mume wangu. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, nimesahihisha insha mbovu za kila namna, lakini sijapata kusoma habari fupi yenye makosa mengi kama hiyo. Nasahihisha.

Wifi yangu ni mtunza bwawa katika bustani kubwa ya mimea, kwenye mji ambao familia hupenda kwenda wakati wa likizo. Kule msimu wa joto ni wa jasho na mvua za alasiri, na msimu wa baridi hautaki zaidi ya sweta, kwa hiyo karibu kila mmea unakubali. Kuna maporomoko yenye ngazi za mawe zinazokupitisha nyuma ya maji yanayoanguka. Kuna njia ya mianzi mirefu iliyoinamiana juu mpaka mchana unakuwa wa kijani. Kuna nyumba ya vioo ya vipepeo, ambamo ukisimama bila kutikisika wanatua juu yako kama wewe ni kichaka. Lakini wageni wote mwishowe huishia bwawani.

Mayungiyungi ya pale si yale madogo ya kwenye madimbwi. Jani moja ni pana kuliko kitanda changu, la duara, na ukingo wake umekunjwa kwenda juu kama sinia. Wifi aliwahi kunigeuzia moja lililokatwa nione chini yake. Chini ni jekundu kama ini. Limepangwa mishipa minene iliyosimama kama boriti za paa, mikubwa ikishikwa na midogo, na yote imeota miiba ya kuchoma hadi mfupani. Hewa hunaswa katikati ya mishipa, ndiyo inayolifanya lielee. Sijaona mchora ramani za nyumba aliyepanga kazi yake vizuri hivyo. Na jani hilohilo linalobeba mtoto, ukilichoma kwa kijiti linatoboka kama karatasi iliyolowa. Uzito ukitandazwa linabeba. Ukikusanywa mahali pamoja linapasuka.

Wifi alianza kazi pale kwa kufagia njia. Aliolewa, ndoa ikaisha. Sababu haiwahusu. Alikaa kwetu kwa muda, akimsaidia mume wangu kunilelea binti yetu wakati mimi nikisomea shahada, kisha akapata kibarua bustanini, na kutoka kwenye ufagio akaingia majini. Kila asubuhi kabla ya wageni huvaa ovaroli ya mpira inayofika kifuani na glavu nene, akavuta nje majani yaliyozeeka na kuyapa nafasi machanga, ambayo hutoka majini yamekunjwa kama ngumi yenye miiba. Mume wangu alikuwa akimtania, "Dada, wenzako wanafuga kuku, wewe umekwenda kufuga majani." Naye alikuwa akijibu, "Majani hayanijibu ovyo kama wewe."

Kazi yake inayojulikana zaidi ni ya kuwakalisha watoto. Familia zinapiga foleni. Kwanza mtoto anapimwa kwenye mizani iliyo ukingoni. Kisha wifi huchukua mfuko wa mchanga wenye uzito kama wa mtoto, akaulaza juu ya jani, akasubiri. Jani likitulia, hutandika ubao mwembamba wa duara na taulo juu yake. Halafu inakuja sheria yake, ambayo hakuna aliyempa, ameiweka mwenyewe: hamgusi mtoto. Mama huvaa ovaroli ya akiba, akaingia majini na mwanawe, akamkalisha kwa mikono yake. Wifi hushika ukingo wa jani lisiyumbe. Basi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, hadi siku ile, alikuwa hajapata kumweka mtoto yeyote juu ya maji. Wanaosema anawakabidhi watoto kwa bwawa hawajafika bwawani.

Sasa nifike kwa binti yangu. Ameniruhusu kuandika hili, na bila ruhusa yake nisingeliandika. Alipoteza mimba mara mbili. Mara zote mbili alikuwa ametoka kumtembelea shangazi yake. Tuna jirani ambaye mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Redio alikuja kutupa pole, akanywa chai yangu, akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Si alilala kule kwa shangazi? Na huyo shangazi ana mtoto?"

Nilimfungulia mlango atoke. Lakini maneno yalikwisha kuingia. Binti yangu hakusema kwamba anayaamini. Alichofanya ni kuacha kwenda. Alipojifungua salama, wifi alinipigia simu, akauliza mtoto anafanana na nani. Nikamwambia, "Ana masikio ya kaka yako." Akacheka, kisha akasema, "Sitakuja, wifi. Sitaki mama yake awe na hofu kila mtoto akikohoa."

Mtu aliyembeba binti yangu mgongoni alikuwa hawezi kumshika mtoto wa binti yangu. Hilo sikulikubali, na ndiyo sababu likizo ile niliipanga mimi.

Sikumdanganya mtu. Nilisema tunakwenda mji wa bustani, na binti yangu alijua nani yuko kule. Alisema tu, "Maporomoko nayataka. Bwawani tutaona." Mkwe wangu, ambaye ni fundi umeme na mtu wa mzaha hata pasipostahili, alifurahia kila kitu. Nyuma ya maporomoko alisimama amelowa chapachapa, akapiga kelele kushinda maji, "Mama, hapa bili ya maji analipa nani?" Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, akitazama pazia lile jeupe linaloanguka bila kwisha, mkono mmoja ameunyoosha kama anayetaka kulifungua. Kwenye vipepeo, mmoja wa buluu alitua juu ya paji lake la uso. Hakulia. Alivuta macho ndani mpaka yakakaribiana, akijaribu kumwona. Nilimtazama binti yangu akimtazama mwanawe, nikaona namna alivyokuwa akihesabu kila pumzi ya mtoto yule. Nikajiambia, asipokwenda bwawani leo sitamlaumu.

Alasiri ilipofika, yeye mwenyewe ndiye aliyegeuza njia.

Wifi alikuwa majini. Alituona, akasimama palepale. "Karibuni," alisema. "Msinisogelee, nanuka tope."

"Shikamoo, shangazi," binti yangu alisema kutoka mbali.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na huyo mgeni hajambo?"

"Hajambo."

Nikadakia. "Wifi, umekauka. Hawakulishi hapa?"

"Na wewe umenawiri. Sijui kama nina jani la kukubeba."

"Mimi sikuja kubebwa. Nimekuja kukagua kazi."

"Kagua, mwalimu. Ila usinitie alama nyekundu mbele ya wageni."

Watu wakacheka, foleni ikaendelea. Tulisimama kivulini tukitazama. Mama mmoja kijana alimpima mtoto wake, wifi akaulaza mfuko wa mchanga, akangoja, akatandika. Mama akaingia majini akiogopa kila hatua, akamkalisha mwanawe. Na mtoto yule, ambaye kwenye foleni alikuwa amelia mpaka kupaliwa, alinyamaza. Wote hunyamaza. Sijui ni nini. Labda ni kule kuhisi maji yakipumua chini yako bila kukulowesha. Waliokuwa ukingoni nao wakanyamaza, hata wale wenye simu, kila mtu akimtazama binadamu mdogo aliyebebwa na jani.

Binti yangu aliuliza kwa sauti, "Shangazi, kwa nini humweki wewe mwenyewe? Si ingekuwa haraka?"

"Mtoto ni wa mama yake," wifi alijibu bila kugeuka. "Langu ni jani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Anayemweka ndiye anayemtoa. Hapo hakuna maneno."

Aliposema "maneno" hakumtazama mtu. Binti yangu alimfungua mtoto mgongoni, akampa baba yake, akasema, "Nipeni hiyo ovaroli."

Mizani ikapima. Mfuko ukalazwa, jani likatulia. Binti yangu akamchukua mwanawe, akaingia majini polepole, tope likimvuta miguu, akimwinua mtoto juu ya kifua chake. Alifika kwenye jani. Wifi alikuwa ng'ambo ya jani ameshika ukingo, kama kawaida yake. Binti yangu hakumkalisha mtoto. Alizunguka ukingo ule mpaka akawa ana kwa ana na shangazi yake, akamnyooshea.

"Mshike."

"Nina glavu. Zina miiba."

"Vua."

"Mwanangu, sheria ya hapa..."

"Sheria ni yako, shangazi. Vua."

Mkono mmoja wa wifi ulikuwa ungali umeshika jani, kwa hiyo glavu ya kwanza aliivua kwa meno. Ya pili ilimshinda, binti yangu akaivuta kwa mkono wake mmoja. Zote mbili zikaelea kama bata. Na wifi yangu akampokea mtoto. Alimshika kama mtu anayeshika kitu alichokwisha kukifikiria mara nyingi. Mtoto alimtazama, akamshika pua. Nilikuwa na miwani usoni na sikuona vizuri.

Wakamkalisha pamoja. Hapo hakuna aliyejua mkono upi ni wa nani.

Picha ile ilipigwa mara baada ya hapo. Mkwe wangu, akitaka kupata picha nzuri kuliko wote, aliamua kupanda juu ya ukingo wa mawe na kuweka mguu mmoja kwenye jani la jirani, tupu, lisilo na ubao. Wifi alimwona, akainua mikono yote miwili, akapiga kelele, "Baba, usikanyage!" Ndicho hicho kinywa kilicho wazi. Hiyo ndiyo dua yenyewe. Binti yangu yuko hatua moja kushoto, mkono wake uko kwenye ukingo wa jani la mwanawe, na aliyeisambaza picha alimkata asionekane. Jani la jirani lilipasuka kama kanzu ya zamani, mkwe wangu akatumbukia hadi gotini, na alipouvuta mguu, kiatu kilibaki topeni kwa wenyewe. "Kilikuwa kipya," alisema, watu wakaangua kicheko, na mwanawe juu ya jani akapiga makofi.

Mngeishia hapo mngekuwa mmeona kichekesho tu. Lakini jua lilikuwa limeanza kulegea, na karibu na mkono wa mtoto palikuwa na tumba kubwa kama ngumi ya mwanamume. Lilianza kufunguka. Nilikuwa nimesoma kuhusu ua hilo, nilijua hufunguka jioni jeupe, hujifunga asubuhi, na jioni ya pili hufunguka tena limegeuka waridi. Kusoma ni jambo jingine. Petali zilijiachia moja moja, kwa mwendo unaouona kwa macho, nyeupe mpaka zikaonekana kama zina taa ndani. Harufu ikaja, tamu, ya tunda lililoiva kupita kiasi. Wifi aliichukua mikono ya mtoto akaisogeza juu ya ua bila kuligusa, na mtoto akashtuka, kwa sababu ua hilo lina joto. Joto kabisa, kama pumzi ya mtu. Mtoto mwenyewe aliurudisha mkono pale, akaliacha joto limguse, akamwangalia mama yake, akamwangalia shangazi wa mama yake, kisha akaangalia ua. Nilifundisha miaka mingi na sijapata kuona mtu akijifunza kitu waziwazi namna ile.

Ukingoni hakuna aliyesogea. Mkwe wangu alisimama kwa mguu mmoja wenye soksi, kwa mara ya kwanza hana mzaha.

Hapo ndipo binti yangu alipoinama na kumwambia shangazi yake maneno. Wifi akamjibu. Binti yangu akaweka kichwa chake kwenye bega lililolowa tope, wakabaki hivyo, kila mmoja mkono mmoja kwenye jani.

Sauti hubebeka juu ya maji, nami nilisimama karibu. Nilisikia yote, aliyosema na aliyojibiwa. Tangu tuliporudi nimeulizwa sokoni, nimeulizwa msibani, na Redio amethubutu kubisha mlango wangu akiwa na sahani mkononi kama kisingizio. Anataka kujua kama msamaha uliombwa, na nani alimwomba nani. Nilimwambia nitakalowaambia na ninyi. Picha nimeisahihisha. Yaliyosemwa majini ni ya watu wawili walioyasema, na mimi sisemi.